Daftari Lisilo na Tope

Jumamosi, 9 Machi

Mvua imeanza. Imenikuta nyumba ya kumi na moja, kwa mama mwenye bata, kalamu ikiwa mkononi, na ukurasa mzima wa Februari umegeuka bluu. Nimerudi nyumbani natiririka. Mama mkwe, ambaye jicho la kushoto halioni vizuri lakini la kulia linatosha watu wawili, alinisimamisha mlangoni kama afanyavyo kila masika.

"Leo umetuletea tope la nyumba ngapi?"

"Kumi na moja, Mama."

"Basi vua viatu. Humu ndani tunalo letu."

Naandika haya kwa sababu Sista, muuguzi mkuu wa zahanati, ametuambia kwamba ikifika Juni kila mhudumu wa afya wa mtaa atapewa simu ya kuingizia taarifa, na madaftari ya kaya yatakusanywa. Wenzangu walipiga makofi. Nami nilipiga, kisha nikaligeukia daftari langu nikashikwa na uchungu wa kijinga. Miaka kumi na minne nimetembea na madaftari haya. Hili ni la tisa, lakini yote yananuka namna moja: karatasi iliyonyeshewa, sabuni ya kipande na mikono ya watoto. Nimeona niyaage kwa kuandika masika yao ya mwisho.

Jumatatu, 11 Machi

Nyumba tisa. Mtoto wa dereva ameacha kuharisha. Nimepoteza mwavuli.

Jumanne, 12 Machi

Mwavuli ulikuwa nyuma ya mlango. Mama mkwe alijua tangu jana, alitaka tu kuona nitaanza kuulizia saa ngapi.

Alhamisi, 14 Machi

Kikao. Tunakaa stoo ya zahanati, mabenchi mawili katikati ya maboksi ya glavu, wahudumu watano na Sista. Kanuni ni moja: kila mtu anataja nyumba moja iliyomlemea moyoni wiki hiyo. Wengine wanasikiliza. Hakuna kutoa ushauri mpaka mwenye mzigo auombe. Siku hizi kina jina refu, kikao cha kusaidiana kitaaluma, na kina fomu yake. Kabla ya fomu kilikuwa mimi na Mizani tu, tumekaa kwenye ngazi za mashine ya kusaga, unga unatuangukia kichwani, kila mmoja anatua mzigo wake kisha tunacheka tulivyozeeka ghafla. Nazikumbuka zile ngazi kuliko nyumba niliyozaliwa.

Mizani ni mwenzangu tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Jina lake la nyumbani halitumiki tena. Anaitwa hivyo kwa sababu ya ile mizani ya kuning'iniza watoto anayoibeba begani, na pia kwa sababu hasemi neno kabla hajalipima. Mimi naitwa Bi Sabuni, na anayeuliza kwa nini hajawahi kuniruhusu niingie kwake.

Leo Fundi, anayeshona viatu asubuhi na kutembelea nyumba mchana, alisimulia mzee anayeficha vidonge chini ya godoro. Zamu ikafika kwa Mizani.

"Zangu zote salama."

"Wiki ya tatu hii, dada," Fundi akasema. "Nyumba zako zimehamia peponi nini?"

Tukacheka. Mizani naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Tulipotoka nilimwomba aniazime ule mfuko wa kitambaa anamotundikia watoto kwenye mizani, maana mkanda wa wangu umekatika. Akasema ameufua, umeanikwa.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Nyumba sita.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Nyumba nne. Nimeanguka mbele ya duka la mikate, watu wakanipa pole huku wakicheka. Hata mimi ningecheka.

Alhamisi, 21 Machi

Mizani: "Zote salama." Mfuko bado umeanikwa. Nani anaanika kitu wiki nzima katika masika haya?

Alhamisi, 28 Machi

Sista ametubadilishia madaftari ili kila mtu akague la mwenzake kabla hayajanakiliwa kwenye simu. La kwangu kachukua Fundi, na akalishika kwa ncha za vidole kana kwamba limefia mtaroni. Mimi nimepewa la Mizani.

Ni zuri jamani. Mwandiko umesimama, mistari imenyooka, kila nyumba na tarehe yake. Nimeona wivu wa waziwazi. Nimefika nalo nyumbani nikamwonyesha mama mkwe, nikamwambia, tazama mtu anavyofanya kazi. Akalisogeza kwenye jicho lake zima, akafungua, akapitisha kidole gumba juu ya karatasi.

"Hili daftari halijawahi kunyeshewa," akasema, akanirudishia.

Nilimwambia kuna watu waangalifu. Akaendelea kuchambua mboga.

Jumamosi, 30 Machi

Heri nisingekagua.

Kurasa zote za Machi ni safi. Wino ni mmoja, kalamu haikuinuliwa. Tarehe 20, siku niliyoanguka, siku ambayo hata mbwa hawakutoka, Mizani kaandika nyumba kumi na nne. Kila mtoto ameongezeka gramu mia mbili, mia mbili, mia mbili. Watoto hawakui hivyo. Watoto hukua wanavyotaka wenyewe.

Bado nilikuwa namtetea kichwani mwangu mpaka nikafika kwa mjukuu wa muuza mkaa. Daftari linasema tarehe 19 alipimwa kwa wazazi wake, kilo kumi na nusu. Mtoto huyo tangu mwisho wa Januari yuko kwa bibi yake, upande wangu. Tarehe 19 nilimpima mimi, kwa mfuko wangu uliofungwa kamba: kilo tisa na kidogo. Mtoto mmoja, siku moja, nyumba mbili.

Sisi wa kazi hii tuna jina la jambo hili. Tunaliita kutembea kwa kalamu. Kila mmoja wetu anajua mtu aliyewahi kufanya hivyo. Sikutegemea awe yeye.

Jumapili, 31 Machi

Sijaenda popote. Nina hasira, na hasira yangu inarudi nyuma miaka mingi.

Mwaka wa kipindupindu tulikuwa na miezi mitano tu kazini. Nyumba moja ya upande wangu ilizika watu watatu kwa siku mbili, na wote nilikuwa nimewanywesha maji ya chumvi na sukari kwa mkono wangu. Siku ya tatu nikasimama mbele ya mlango wa jirani yao nikashindwa kupiga hodi. Mkono haukupanda. Nilisimama pale kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mizani alikuwa ng'ambo ya njia. Akavuka, hakuniuliza kitu, akagonga mlango, akageuka akanambia, "Hodi yangu, maneno yako." Mlango ukafunguliwa, mimi nikasema maneno. Tukaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Arobaini na moja alinigongea wiki ile, na zake mwenyewe akazifanya alfajiri.

Ndiyo maana inaniuma. Mtu aliyenifundisha kugonga milango ya watu anaandikaje nyumba asizoingia?

Jumatano, 3 Aprili

Nimekwenda kwake. Viatu vyake vya mvua vilikuwa barazani, vikavu, buibui ameshajenga ndani ya kimoja. Nikamuuliza kuhusu mjukuu wa muuza mkaa.

"Nimekosea tarehe," akasema.

"Na uzito?"

"Shoga, umekuja kunitembelea au umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Basi umeshauliza."

Miaka kumi na minne, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeondoka kwake bila kusindikizwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Hakuja kikaoni. Sista akaniuliza, "Daftari la Mizani vipi?" Nikasema, "Bado nalipitia." Huo ndio uongo wangu, nauandika hapa kwa tarehe yake. Nilijiambia namfichia aibu rafiki yangu. Zilipofika zamu za nyumba zinazotulemea, nikasema zangu zote salama.

Jumamosi, 6 Aprili

Andiko la leo litakuwa refu.

Usiku kucha nilikuwa nawaza kwamba kama Mizani haingii, basi kuna nyumba themanini ambazo hakuna anayeingia. Asubuhi nikachukua daftari lake na kuanza na wajawazito. Wako watatu. Wa kwanza hajambo kweli. Wa pili amehamia kwa mama yake. Wa tatu ni mke wa mshonaji, miezi saba na nusu, chumba cha nyuma ya duka la cherehani. Daftari: mjamzito, hajambo. Mara nne, wiki nne.

Mshonaji alinipokea na futi shingoni.

"Afadhali umekuja, mama. Yule mama wa mizani hatujamwona tangu kabla ya mvua. Mke wangu kichwa kinamuuma siku ya tatu."

Niliingia nikamkuta amekaa kitandani, amefumba macho. Uso umemvimba mpaka kope. Nikamwomba anipe mkono, nikabonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Unaona vizuri, mwanangu?"

"Naona vinyota, mama. Kama vumbi linalowaka."

Sikusubiri la zaidi. Dalili hizo za kifafa cha mimba tunafundishwa hata kabla ya kufundishwa kushika kalamu. Nikampigia Sista, mshonaji akafunga duka bila kuzima cherehani, jirani mwenye gari ya kubebea maji akashusha madumu yake yote njiani. Mwendo mzima nilimlaza kwa ubavu na kumsemesha asipotee. Zahanati walimchoma sindano ya kuzuia degedege, wakampeleka hospitali kubwa kwa gari lao. Sista alipokuwa anafunga mlango wa gari alinitazama akasema, "Alitembelewa lini mara ya mwisho?"

Nikampa daftari. Nikamwambia yote, pamoja na la Alhamisi. Alisoma kurasa mbili akiwa amesimama mvuani, kisha akasema tu, "Ungeniambia Alhamisi."

Siku mbili. Wangekuwa wamempata siku mbili mapema.

Jumapili, 7 Aprili

Nilikwenda kwa Mizani nimejaa maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Alifungua mlango kabla sijagonga. Habari zilikwisha kumfikia.

"Yu hai?" akauliza.

"Bado hatujui."

Akakaa chini kwenye sakafu, palepale mlangoni. Maneno yangu yote makali yakaniponyoka. Nikakaa naye. Kisha akaanza, na hakulipima hata neno moja.

Ilikuwa Novemba, nyumba ya konani. Alimpima mtoto wa kike wa mwaka mmoja, utepe wa kupimia unene wa mkono ukasoma njano. Mama yake mtoto akauliza, niende zahanati leo? Mizani akamwambia njano si nyekundu, ongeza uji na mafuta, wiki ijayo nitarudi. Utaratibu unasema hivyohivyo, na mimi ningesema hivyohivyo. Siku ya tano mtoto akashikwa na homa ya mapafu, siku ya sita akazikwa. Mizani alikwenda msibani na mizani begani kwa mazoea tu, mama mtu akaiona ile ndoano akapiga yowe.

"Nilikimbia, shoga. Mtu mzima mimi, nilikimbia. Na mfuko niliuacha kwao siku ile ya kupima."

Basi mfuko haukuwahi kuanikwa.

"Desemba nikajilazimisha," akasema. "Januari nikawa nafika getini narudi. Nasimama, nauambia mkono, panda. Haupandi. Kwa mke wa mshonaji nimefika mara tatu, nasikia cherehani inalia ndani. Ningesema nini kikaoni? Mimi ndiye niliyewafundisha kugonga."

Mkono haupandi. Niliandika maneno hayo humu Jumapili iliyopita, juu yangu mwenyewe, na bado sikumwona. Nilisoma gramu zake zote, buibui wa kwenye kiatu nikamhesabu, lakini mtu nikamruka. Nimeona haya mbele yake.

Sikumwambia kwamba si kosa lake, kwa sababu la Novemba si lake ila la Machi ni lake, na anajua. Nilimwambia tu Alhamisi nitampitia.

Jumanne, 9 Aprili

Yu hai! Wamemzalisha kwa upasuaji. Mtoto wa kike, kilo moja na nusu, amefungwa kifuani kwa mama yake apate joto. Mama ametoka hatarini, mtoto bado wanamwangalia. Mama mkwe alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Alhamisi, 11 Aprili

Mizani alikuja, akasema nyumba yake moja. Kisha akasema zile themanini. Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati.

Nilimwogopea Fundi na utani wake. Fundi akatazama viatu vyake akasema, "Masika ya mwaka juzi, baada ya yule pacha kufa mikononi mwangu, nyumba nne niliziandika nimekaa kibandani kwangu. Mwezi mzima. Sikumwambia mtu."

Sista akaweka fomu chini. "Mtoto wa konani alipokufa," akamwambia Mizani, "nilikuita nikakuuliza tarehe na uzito. Nikajaza fomu. Wewe sikukuuliza. Hilo ni langu." Kisha akachukua kalamu nyekundu, akakata kurasa zote tangu Januari, moja baada ya nyingine, mbele yetu. Tulihesabu mikato ishirini na sita. Taarifa itakwenda juu kama inavyotakiwa. Mizani haruhusiwi kuandika peke yake mpaka Juni, na nyumba zote themanini zitatembelewa upya, yeye akiwa na mwenza.

"Nani atamchukua?" Sista akauliza.

Swali la bure hilo.

Jumamosi, 13 Aprili

Mizani alikwenda na Sista kwa mshonaji kumwambia ukweli. Nilisubiri nje. Hakupiga kelele, alisema maneno machache tu: "Kila asubuhi mke wangu alikuwa anauliza, leo atakuja?" Mizani alitoka akanipita kama hakuniona.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumeanza. Nyumba moja. Nikamwambia, "Hodi yangu, maneno yako." Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Nikagonga. Akasema maneno.

Jumanne, 16 Aprili

Nyumba tatu. Mtoto mmoja alimuuliza alikuwa safari ya wapi.

Ijumaa, 19 Aprili

Nyumba saba. Tumeazima mfuko wa Fundi, unanuka gundi ya viatu.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nilisogea pembeni kama nafunga kamba ya kiatu, nikachelewa makusudi. Akagonga mwenyewe. Viatu vyangu havina kamba. Alijua.

Alhamisi, 2 Mei

Imebaki nyumba ya konani. Tumeizunguka wiki nzima kwa visingizio, mara maji yamejaa, mara jua linazama.

Leo kabla ya kikao tukaenda. Mizani akaacha mizani kwangu. Getini akasimama, nami nikainua mkono, akaushika akaushusha.

"Hapana. Hii yote yangu. Hodi na maneno."

Akagonga. Mama wa konani akafungua. Wakatazamana, mimi nikaitazama ardhi.

"Nilidhani umetusahau," mama akasema.

"Sikusahau hata siku moja. Niliogopa. Nisamehe kwa kutokuja."

Mama akaingia ndani. Nikajua ndiyo basi, mlango umefungwa. Akarudi na mfuko wa kupimia, umefuliwa, umepigwa pasi, umekunjwa mara nne.

"Kila nikifua nguo nafua na huu," akasema. "Nikasema akija asije akaukuta mchafu. Ndio uliombeba mwanangu mara ya mwisho. Wewe peke yako ndiye unayejua alikuwa mzito kiasi gani."

"Kilo saba na gramu mia tatu," Mizani akasema papo hapo.

Mama akaitikia kwa kichwa. Walilia wamesimama kizingitini, na mimi nikalia getini na mizani begani. Ni nzito ile mizani. Sikuwahi kuibeba kabla.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua zimekatika. Sista amekusanya madaftari, yameingia maboksi mawili ya glavu. Simu zimegawiwa, nyepesi, hazinuki chochote. Fundi tayari amempigia mkewe kwa bahati mbaya mara mbili.

Asubuhi tulipita kwa mshonaji. Binti amerudi nyumbani juzi. Mshonaji hakutusalimia sana, lakini aliondoa kitambaa kwenye kiti ili Mizani apate pa kukaa. Mke wake ndiye aliyemtia mtoto mfukoni. Mizani akasubiri mshale wa mizani utulie, akasoma kwa sauti, "Kilo mbili na gramu mia sita." Akaandika, nami nikatia sahihi pembeni. Dole gumba lake lilikuwa na tope la njiani, likaacha alama juu ya tarakimu. Alitaka kuifuta. Nilimzuia.

Sista alipolifungua daftari la Mizani kulikagua kwa mara ya mwisho, kurasa za Mei zilikuwa zimekunjamana, zina madoa, moja imeliwa pembe na mbuzi. Alipapasa ile alama ya dole, akalitia boksini. Nilitamani kuliiba.

Niliporudi nyumbani njia ilikuwa imeanza kukauka, lakini viatu vyangu vilikuwa na udongo wa ng'ambo zote mbili za mtaa. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Leo la nyumba ngapi?"

Nikamwambia hesabu ya leo sina, daftari nimelirudisha. Akaniangalia kwa lile jicho lake, akasogea nipite na viatu.